Nyumba ya Pesa za Mazingira Magumu

Mpendwa Baba Achieng,

Nakuandikia kutoka Gatina, chumba kile kile cha ghorofa ya tatu, na maji bado nayapandisha kwa mtungi. Simu imenishinda. Nikianza kukwambia la moyoni mtandao unakatika, na ukirudi hewani nimeshachoka kusema.

Unakumbuka jioni uliyokuja pale steji ya matatu za 46 ninapokaanga samaki, kunieleza kwamba wizara inakupeleka kuendesha gari la ubalozi katika nchi ile yenye vita? Ulikula kichwa cha mbuta kwanza, ukanawa, ndipo ukasema. Nilikuuliza kwa nini wewe. Ukanieleza kuna marupurupu ya mazingira magumu, pesa juu ya mshahara, kwa sababu ya risasi na stima kupotea. Kisha ukacheka. "Stima kupotea? Si hata hapa Gatina hupotea kila saa na hakuna mtu hutulipa?" Nilicheka pia. Siku hizo sikuwa nimejua kulala peke yangu.

Hizo pesa hukuzichezea, hilo nakupa. Zimejenga nyumba kwenu, mabati ya kijani, madirisha ya vioo. Ila unaijua desturi yetu sisi Wajaluo: mke hafungui nyumba mpya peke yake, lazima mume alale ndani naye usiku wa kwanza. Kwa hivyo nikienda ushago, huko kijijini kwenu, naupita mlango wenye kufuli, naenda kulala kwenye simba yako, kile kijumba chako cha ujana kinachovuja. Majirani wanasifu mabati, halafu wananipa pole. Mama yako ananiletea karai la kukinga maji. Nimechoka, Baba Achieng. Nimechoka kuonewa wivu na huruma siku moja.

Wiki jana ukapiga, sauti imelegea. Ukasema, "Huku kumetulia. Hiyo pesa watakata." Mimi nilitaka kupiga vigelegele, kumbe wewe unasikitika. Mtu na akili zake anasikitika kwamba risasi zimenyamaza! Kisha ukaniambia umeomba kuhamishiwa kituo kingine, kibaya zaidi, ili tumalize ukuta wa boma. Jibu langu ndilo hili.

Futa hilo ombi. Ukuta tuuache, seng'enge inatosha. Rudi uendeshe gari la wizara hapa mjini, na huo mshahara mkavu tutaula na omena.

Kwetu mwenye nyumba akifa hulazwa kwake kabla ya kuzikwa. Hilo ndilo naliogopa kuliko umaskini: kwamba mlango ule utafunguliwa siku moja, na usiku wako wa kwanza mle ndani uwe wa jeneza, mimi nimekaa sakafuni kando yako.

Jifunge mkanda kila uendeshapo, na uje.

Mkeo,
Mama Achieng