Feni za Kupoza Simu, Makambako

Dada Zuhura,

Shikamoo, na poleni na joto la Temeke; huku ningelinunua kwa kilo. Nimefika Makambako kuuza feni ulizotengeneza za kupoza simu, na moyo haujatulia tangu jana.

Upendo, yule kiongozi wa kundi letu la wacheza gemu mtandaoni, kumbe ni mama muuza viazi hapa kata ya Lyamkena. Alinipokea jikoni, yeye na wenzake wamezunguka jiko la mkaa, wanapasha vidole moto kabla ya kushika simu. Nikawasha feni. Upepo ukawapiga, kila mtu akavuta blanketi. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Unalijua kundi hili: mmoja akikukataa, wamekukataa wote hadi Mwanza.

Upendo akafungua maiki ya simu, kundi zima likawa hewani. "Jamani, mtu wa feni huyu hapa. Sema mwenyewe, kaka, wote wanakusikia."

Nikauliza tu, "Sasa mnataka tuwatengenezee nini?" Wa Njombe, wa Makete, wa Mbeya, wote wakadakia simuni: kishikio cha simu kinachopasha vidole! Nikajibu kipo, kinakuja kabla ya Krismasi. Mdomo umeniponza, dada. Kesho wananisubiri Njombe, na wanasema baridi yenyewe kwao ni huko.

Mpulizie mama feni moja kwa niaba yangu. Nawapenda sana. Ila niambie kweli, fundi wangu: joto unajua kulitengeneza?

Mdogo wako,
Hamisi