Bi Mwanatumu Angaliko

Jumatatu, 7 Julai
Presha 158 kwa 94. Chai kavu, muhogo wa kuchemsha, chumvi hakuna. Alfajiri niligonga ukuta kama kawaida. "Ningaliko," akaitika Bi Mwanatumu. Basi angaliko, yu hai bado.

Yeye ndiye mke mkubwa. Ana tisini na kitu, mimi sabini na sita. Mume wetu alituacha katika nyumba hii ya Timbwani, vyumba viwili vyenye ukuta mmoja katikati, na tangu azikwe, miaka ishirini na mitatu, nagonga ukuta huo kila siku. Wanangu husifu. Daftari hili nilipewa kliniki niandike presha na halisomwi na mtu, kwa hiyo niseme ukweli: hugonga nijue kama nimebaki peke yangu. Nataka mwaka mmoja tu wa kuwa mke pekee, hata kama mume hayupo.

Jumatano, 9 Julai
Presha 160 kwa 95. Amekula viazi karai saba na achari, akateremshia soda. Mimi na mchicha wangu. Anataniana na kila apitaye barazani, hata muuza makaa. Kliniki wanasema presha yake ni ya msichana. Roho imeniuma mchana kutwa.

Alhamisi, 10 Julai
Amekuja binti wa chuo kikuu, Salome, mtu wa bara. Anataka kujua ni tabia gani humfikisha mtu umri mkubwa sana. Nikajifunga leso mpya nikidhani tutahojiwa sote. "Bibi, wewe bado kijana," akaniambia. Hata uzee nimenyimwa.

Kisha akaniita kando. Kwa kuwa ndimi ninayekaa na Bi Mwanatumu, nimweleze tabia yake. Nikaeleza. Mchoyo. Ana kinyongo. Akinuna hununa wiki. Akiona mwenzake kacheka, chakula hakimshuki. Salome akaandika yote. Nimelala vizuri mno.

Jumapili, 13 Julai
Presha 171 kwa 102. Salome amepiga simu. Jumanne atarudi kumsomea Bi Mwanatumu yote yaliyoandikwa, ndio utaratibu wao. Sikulijua hilo. Nikajaribu kukumbuka niliyosema, na kila neno ni mimi. Sikumsema yeye hata kidogo. Nilijisema mwenyewe kwa jina lake.

Bi Mwanatumu atawaambia watoto. Mtaa mzima utajua. Na hata leo, badala ya kutubu, nimekaa namwonea kijicho kwa jinsi anavyosinzia kitini bila wasiwasi.

Jumanne, 15 Julai
Sikupima. Naogopa.

Tulikaa barazani sote watatu. Salome akasoma polepole, Kiswahili chake kile cha bara kikiyafanya maneno yawe mabaya zaidi. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Bi Mwanatumu alisikiliza akitafuna tambuu mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akapaliwa.

"Acha vivyo hivyo, mwanangu. Mke mwenzangu ndiye anijuaye."

Basi. Hakunitetea wala hakunishtaki. Heri angenitukana. Salome akamuuliza yeye mwenyewe aona ni nini kilichomfikisha hapa.

"Tabia yangu siijui mimi. Lakini huyu Zuhura hunigongea ukuta kila alfajiri, tangu tumzike mzee. Hata siku tulizonuniana, wallahi, hakuacha. Nani mwengine aulizwaye hivyo? Hulala nikijua kesho ntaulizwa, basi yanipasa niweko."

Salome akafuta macho. Akaandika kwamba mimi nina moyo mwema. Huo ni uongo wa pili kwenye karatasi zake, na huo sikuutunga mimi.

Jumatano, 16 Julai
Sikugonga. Sikuweza. Nilikaa kitandani nimekunja mikono. Upande wa pili nikasikia kitanda chake kikilia, kisha kimya kirefu. Alikuwa anangoja. Baadaye nikasikia kandambili zake zikienda uani, nikashusha pumzi.

Kutwa hakutaniana na mtu. Viazi hakutaka. Ilipaswa nifurahi.

Nimejua sasa ninachomwonea wivu zaidi. Si presha yake, si miaka yake, wala si kwamba aliolewa kwanza. Ni kwamba miaka yote hiyo alikuwa na mtu wa kumgongea. Mimi sijawahi.

Alhamisi, 17 Julai
Nilikuwa macho kabla ya adhana. Mkono niliuweka ukutani nikauondoa.

Ukuta ukagongwa. Mara mbili, kwa ile fimbo yake. Sikuzoea kugongewa. Akangoja kidogo, akagonga tena.

"Ningaliko," nikaitika.