Tungule Ipi, Mwanangu Rukia?

Mpendwa mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Twakusalimu sote, mmoja mmoja, maana wajua hapa kwetu mtu akisahauliwa katika barua huninunia siku nzima. Bibi yako akusalimu; goti lamuuma lakini sauti ni ile ile, yafika mpaka msikitini. Mdogo wako Abdalla akusalimu. Wifi yako Mwanate akusalimu, na tumbo sasa laonekana hata ndani ya buibui. Fatuma, binti yao, akusalimu zaidi ya wote, asema umletee kalamu za rangi. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila kichwa changu hakimo. Penye makosa unisamehe, chuo cha Kurani nilisoma, shule sikufika mbali.

Mwanangu, ni habari ya tungule. Nyanya, kama msemavyo huko Nairobi.

Wajua mwaka jana tulipanda shamba la marehemu babako kule Mtwapa, nami nikapokea mbegu niliyopewa bila kuuliza. Zikaiva vizuri, zikapakiwa, zikafika kwenye meza yangu ya kuuzia hapa Makadara zimekuwa rojo. Ami yako Nassor sasa asema msimu huu ndio wa mwisho. Tukiharibu tena, shamba atampa mtu wa kufyatua matofali.

Basi Katana, yule atutunziaye shamba, akaniambia, "Mama Rukia, tusikimbilie. Tutie mistari mitatu ya mbegu tatu, tuzitazame, kisha tuchague moja ya shamba zima." Nikaona ni akili. Sasa zimeiva, na sasa ndipo nilipopotea.

Kuna ya umbo la yai. Ngozi yake ngumu, waiangusha yaokotwa, yakaa mezani wiki nzima haijakunja uso. Lakini ukiikata ndani nyeupe, na mchuzi wake kama wa mgonjwa. Tena yaiva yote kwa mpigo, nitauzia nani siku moja? Ya duara yataka miti ya kuegemea, lakini utachuma leo, utachuma kesho, miezi, na mchuzi wake mwekundu wenye ukali wa haki. Ila mvua moja tu, yapasuka. Na ile ya tatu, ya kipeto chekundu, mbegu yake ghali na huwezi kuikausha ukapanda tena. Katana aipenda kwa kuwa baadhi ya miche ya zile mbili ilinyauka, yake yote ikasimama. Kubwa, yang'aa. Nimeila, mwanangu, sikusikia kitu. Au ni mafua yangu? Sijui.

Nikaziweka mezani ziamue wateja. Mwenye mkahawa akataka ya yai, aikate nyembamba ya kachumbari isimwage maji. Bi mmoja akaitazama akasema, "Hii ni tungule au ni jiwe la kusugulia miguu?" akachukua ya duara. Akaja mpishi wa nyumba kubwa za Kizingo, akazoa zote zinazong'aa. Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka.

Ndipo nikafanya la kufanya. Nikapanga sahani saba, kila moja na aina zote tatu, nikazifunika leso, nikapelekea majirani. Nikasema hawa ni wapishi, watanambia kweli. Bi Zubeda wa mlango wa pili akanambia, "Mashaallah, shoga, zote nzuri, mkono wako una baraka." Nikamwambia, "Lakini ipi iliyozidi?" Akacheka. "Ah! Wataka nigombanishe watoto wa mama mmoja?"

Na wote hivyo hivyo. Sahani zikarudi, moja ina mahamri, moja halua, moja kaimati za moto. Nimepata vya kunywea chai mpaka nimechoka, jibu sikupata hata moja. Kwani nani mtaa huu atakayerudisha sahani ya jirani na neno la kuikosoa?

Nikakumbuka yuko mmoja aliyewahi. Ulikuwa na miaka minane. Nilikutuma urudishe bakuli la Bi Zubeda, akakuuliza, "Mamako kasemaje?" Nawe ukamjibu, "Kasema nazi imechacha, tumempa paka." Nilikufinya sikio mpaka ukaita bibi yako. Bi Zubeda hakuleta kitu mwezi mzima. Na nazi ilikuwa imechacha kweli, Rukia. Hili sikukwambia siku ile, nakwambia leo.

Nakukumbuka pia sokoni, sote wawili twabonyeza tungule kwa kidole gumba, pale karibu na kikonyo kama nilivyokufunza. Muuzaji akatujia juu, "Nyinyi mwanunua au mwakanda?" Ukamwambia, "Twakanda kwanza, ami, chapati baadaye." Alicheka mpaka akatuongeza mbili.

Na nakukumbuka kwenye ngazi, siku uliyoondoka. Uliniambia, "Mama, wewe huulizi upate jibu. Wauliza usifiwe." Nikakugeuzia mgongo, sikukusindikiza. Tangu hapo simu zetu ni salamu tu, haya, haya, nisalimie. Jana nimekaa na zile sahani saba mbele yangu nikajiuliza, mtu mwenye kutaka kukosolewa hupeleka kitu kwa sahani, na leso juu?

Moyo wangu waitaka ya duara. Ndiyo aliyoipenda babako, akiila na chumvi hivi hivi, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko cha mkono. Sasa sijui kama ni ulimi wangu unaochagua au ni yeye. Na shamba si la kumpandia marehemu, ni la kuwalisha watoto hawa na huyo wa tumboni.

Kwa hiyo nakutumia kikapu hiki kwa basi, tungule nne za kila aina. Sikumpa mtu akishike, nimesema kitupwe na mizigo mingine kama kitakavyotupwa cha biashara. Ukifungua, tazama kwanza zipi zimefika nzima. Kisha kata, onja, pika mchuzi. Kisha sema. Kama niipendayo imefika rojo, usinionee huruma. Ukisema zote mbaya, nitakasirika, lakini sitakugeuzia mgongo.

Mungu akuhifadhi, akupe afya na riziki. Kula vizuri, baridi ya huko yakausha watu. Katana atatia mbegu kitaluni Jumamosi asubuhi, na kikapu chakufikia Alhamisi. Niletee neno siku hiyo hiyo, mwanangu, tafadhali, kabla hajalowesha udongo.

Ni mimi mamako