Baba Wanru, Mwaka Huu Hatukuchomei Kitu

Mwaka umegeuka, Baba Wanru, tangu askari wa Jemadari Pang wakuue hapa uani, nasi tukitazama.

Hukuweza kuvumilia kuona karatasi yenye maandishi imetupwa. Hata iliyofungiwa samaki uliiokota, ukaifuta, ukaichoma kwa heshima kwenye tanuri letu la matofali. Nikikutania, "Karatasi umeleta, samaki mwenyewe yuko wapi?" ulicheka tu. Kisha ulianza kutusomea insha zako kwa sauti, tambi zikipoa mezani.

Ulikuwa mpole kwa watu, mkali kwa uongo. Jemadari aliwachinja watu wa Qingpo waliokwisha kusalimu amri, akawatupa visimani, wake kwa watoto. Akataka uandike kwenye kumbukumbu kwamba ni waasi waliokufa vitani. Ukaandika ulichokiona, na majina yao. Ukatusomea kila mlo, hadi nikakuambia, "Mume wangu, hebu tule kwanza. Maiti hawa watatutapisha." Hukunyamaza.

Walikuja asubuhi. Walikuvunja vidole kwa jiwe lako mwenyewe la kusagia wino. Walirundika vitabu vyako wakavitia moto. Yote uliyavumilia. Ila askari mmoja alipokanyaga maandishi yako kwa kiatu cha matope, ulimrukia kooni kwa mikono ile ile iliyovunjika.

"Choma ukitaka," ulimwambia, "lakini ondoa mguu wako, mshenzi we."

Wakakukatakata kwa panga. Damu yako niliiosha mwenyewe, na hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Pang alimcheka binti yetu Wanru: "Habari za Qingpo zimekwisha, binti. Kamzikeni mzee wenu." Akaapa kwamba atakayezitaja atakatwa kichwa. Hakujua kelele zako za mezani. Tulizichoka, lakini zilituingia.

Leo desturi inataka tukuchomee karatasi, kama sadaka kwa marehemu. Hatuchomi. Moto ulioupata unatosha. Tumekupikia tambi, tukasoma habari za Qingpo bila kitabu, majirani wakisikiliza: mimi Shu Heng, mkeo, nimesoma mwanzo, Wanru akasoma habari za visima, na mdogo wako Xun Mao, mwenye kigugumizi, akasoma majina ya waliouawa. Hakukwama hata kwa moja. Tambi zikapoa, hakuna aliyelalamika.

Tangazo hili tumelibandika langoni, na majina yetu chini yake. Jemadari akitaka kulikanyaga, aje. Lango liko wazi, na majirani nao wameshaanza kuyashika kichwani majina ya waliouawa.

Hatutakusahau, Baba Wanru. Wala wale wa Qingpo.