Hitima ya Askari Kiguru

Mjukuu wangu Zuwena,

Huku Ole sote wazima, alhamdulillah, ila babu yako kagombana na jogoo na hawasemezani.

Umeniuliza kwa nini narudia yale majitabu matatu ya mazimwi na falme zisizokuwepo, na mwisho wake naujua.

Nilipokuwa kigori, msimu wa karafuu kina mama walikaa mkekani kuzichambua na kuzitoa kwenye makonyo, vile vijiti vyake, nami nikiwasomea vitabu hivyo, Kiingereza chake nikikigeuza kadiri nilivyoweza. Mwisho wa kitabu cha pili, askari kiguru, yule aliyechechemea, kipenzi chetu, akazama mtoni. Mkeka mzima ukalia. Jirani yetu Bi Mize akaamua tumsomee hitima. Mmoja akauliza kama marehemu alikuwa Mwislamu.

"Vitabu viwili sijamsikia akinywa pombe," akajibu Bi Mize. "Yatosha."

Akachinja kuku wake watatu, tukasoma, tukala wali.

Kitabu cha tatu hakijafika mbali, marehemu akabisha hodi.

"Na kuku wangu je?" Bi Mize akafoka, akaondoka. Siku mbili hatukumwona. Ya tatu akawahi mkekani kabla ya wote.

"Mtu nishamlilia, huyo ni wangu. Haya, soma."

Bi Mize katangulia mbele ya haki. Lakini kila nikifika pale mtoni namsikia akipenga kamasi kando yangu, nami nalia naye.

Nakuletea kitabu cha kwanza na cha pili. Ukifika mtoni, lia, mjukuu wangu. Lakini usichinje kuku.

Bibi yako