Maksi Tano kwa Wazima Moto Wawili

Shangazi mpendwa, nisaidie kabla sijamkata mteja sikio, maana siku hizi mkono uko kwenye mashine ya kunyolea lakini akili haipo. Mimi ni kinyozi, na pale wateja wanapongojea nimeweka televisheni na mashine ya gemu za zamani, zile za kaseti unayoipuliza vumbi kwanza ndipo ikubali, na juu ya kioo kuna ubao ninaoandikia maksi za kila gemu, na watu wanatoka mitaa ya mbali kuja kubishana na ubao huo, wengine hata nywele hawana. Gemu bora sizishughulikii, kila mtu anazijua, na mbovu kabisa zinajitangaza zenyewe. Zangu ni zile za katikati, ambazo ukimaliza unasema haya basi, kwa sababu hizo ndizo zinazotaka mtu mkweli. Sheria ya ubao ni moja: maksi haibadilishwi kwa urafiki, soda wala machozi.

Sasa kuna gemu inaitwa Wazima Moto Wawili, nimeicheza mpaka mwisho nikaipa tano kwa kumi, na ni haki yake, muziki unajirudia mpaka unachoka, moto unafanana na nyanya, na yule mzima moto wa pili, anayeendeshwa na mashine, anaganda mlangoni na ngazi yake kama mgeni asiyekaribishwa. Kumbe ndiyo kipenzi cha kaka wa mchumba wangu, ambaye tangu baba yao afariki ndiye mkubwa wa nyumba na bila neno lake hakuna ndoa. Alikuja kunyolewa, nikiwa nimemaliza upande mmoja akainua macho akasoma ubao, akanyanyuka na shuka shingoni. "Gemu niliyokuwa nikicheza na marehemu baba unaipa tano? Na dada yangu utampa ngapi?" Akaondoka hivyo hivyo, sasa anatembea na kofia, na posa yangu imesimama. Mchumba wangu ananiambia, "Si ufute tu uandike tisa, kwani chaki itakuuma?" Lakini Shangazi, nikiandika tisa ya uongo ubao wote umekufa. Nampenda huyu binti, sitaki kumkosa, na sifuti. Nifanyeje?

Kinyozi wa Ubao

*

Kinyozi, pole. Weka mashine chini unisikilize.

Usifute. Hapo niko upande wako, na mchumba wako aniwie radhi. Ukianza kwa kumdanganya shemeji, kesho utamdanganya mke.

Lakini wewe nawe! Unajiita mkweli, na barua yako mwenyewe inakusuta. Wazima Moto Wawili. Wawili, kijana! Umeicheza na nani? Na mashine. Huyo aliyeganda mlangoni na ngazi anashika nafasi ya mtu, na baba wa watu ndiye aliyekuwa akikaa pale. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kinyozi ungelijua hilo kuliko mimi. Gemu sizijui, hata rimoti ya nyumbani inanishinda, lakini hili nimeliona kwa kusoma tu. Mwenzio alikutajia marehemu baba yake waziwazi, wewe ukasikia maksi.

Basi leo, si kesho, nenda kwake na mashine ya kunyolea na ile ya gemu, kaseti yake na padi zote mbili za kuchezea, yako na ya mwenzako. Posa usiitaje. Mwambie, "Shemeji, nimekuja kumaliza kichwa chako. Na gemu yako niliihukumu kabla sijaicheza inavyochezwa, naomba tukae wote." Mnyoe kwanza, maana mtu hawezi kusamehe akiwa na nusu kichwa. Kisha mcheze mpaka moto wa mwisho uzimike. Akilia, mwache alie, wewe shika ngazi yako usiidondoshe.

Mkimaliza, mpeleke kwenye ubao uandike unachokiamini mbele ya macho yake. Ikiwa nane, nane. Ikiwa bado tano, andika tano bila kutetemeka. Atakubishia, na ni vizuri, mtu habishani na asiyetaka kumwona tena.

Akiuliza tena dada yake utampa ngapi, mjibu kwamba huyo hukuja kumpa maksi. Umekuja kuomba padi ya pili.