Saa Moja ya Roselida

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: kuungua uso kwa Roselida, mchuuzi wa soko la Malaba
Yameandikwa kituo cha polisi, Malaba, tarehe 15 Septemba 1976, mbele ya Koplo Emukule

Mimi ni Selpha Makokha, umri miaka 31, fundi cherehani, mkazi wa Burumba, Busia. Nimeitwa kueleza jinsi Roselida alivyoungua shavu. Nitaeleza, lakini nitaanzia pale ubaya ulipoanzia, hata kama afande anataka nifupishe.

Mnamo tarehe 8 Septemba nilikwenda soko la Malaba pamoja na mdogo wangu Eucabeth, miaka 19, ambaye mashavu yake yalikuwa yamejaa chunusi. Watu wa kijana wake walikuwa waje Jumamosi kuleta posa, naye hakutaka wamkute hivyo. Roselida huuza dawa za urembo karibu na reli. Huvaa aproni nyeupe ili watu wamwite sista, kama wa hospitali, nao humwita. Alituuzia chupa ndogo ya dawa ya kubambua ngozi. Alisema ngozi ya juu itatoka pamoja na chunusi, na chini yake kuna mpya. Kisha akasema, "Dada, paka, halafu osha saa moja. Itachoma. Ukiosha mapema, hizo chunusi zitarudi na wenzao."

Kesho yake Eucabeth alipaka saa tisa mchana. Sisi tulijua saa moja ni saa moja ya jioni, jua likishazama. Saa kumi alikuwa anapigapiga miguu sakafuni. Nilimshika mikono asinawe, nikamwambia avumilie, wageni ni keshokutwa. Saa moja ilipofika nikamnawisha. Ngozi ilitoka na kitambaa.

Jumamosi wageni walikuja. Eucabeth alitoka kuwasalimu akiwa amejifunika leso usoni, na shangazi wa kijana akamwomba aifunue. Kuku alikuwa ameshaiva, ugali uko mezani. Waliondoka bila kuonja hata chai. Tangu siku hiyo Eucabeth hatoki nje mchana, na mimi kila nikifumba macho naiona ile aproni.

Leo asubuhi nilimkuta Roselida pale pale, amezungukwa na wateja. Nikamweleza yaliyotupata. Alicheka. Akasema, "Mama, si nilisema saa moja? Lisaa limoja. Kama nyinyi hamjui saa, mimi nifanye nini?"

Siku ile hakusema lisaa. Angesema lisaa ningeelewa.

Nikamwambia kama lisaa limoja halina neno, basi ajipake yeye mwenyewe, wateja waone. Alitaka kunipuuza, lakini wanawake walianza kurudisha chupa mezani. Akajipaka shavu la kulia kwa mkono wake mwenyewe. Sikumgusa, na Emojong, fundi wa saa wa meza ya pili, atawaambia hivyo hivyo. Ilikuwa kama saa nne. Debe lake la maji lina kifuniko. Nililikalia.

Muda si mrefu alianza kujipepea na aproni. Akasema, "Inuka kidogo dada, nichote maji." Nikamjibu saa moja bado. Akadhani ninatania, akacheka, lakini cheko lenyewe halikufika mbali. Alipoanza kulia na kunivuta nguo, nilimuuliza anataka saa moja ipi, yake au yetu. Nilimwambia kama ni yetu, jua lazima lizame kwanza. Emojong alitazama saa akasema hata nusu saa haijafika. Hapo wanaume wawili wakaninyanyua kwa nguvu, akapata maji.

Afande ameniuliza kama ninajuta. Ninajuta kwamba waliniinua mapema. Roselida ameungua shavu moja. Mdogo wangu ni yote mawili.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na nimeyasema bila kulazimishwa na mtu.

(Sahihi) Selpha Makokha

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili. Amekubali ni yake. Nilimshauri tufute neno "mapema", akakataa. Kuanzia sasa anashikiliwa kama mshukiwa. Wakati wa kutia sahihi aliuliza Roselida amelazwa wodi gani.

Koplo Emukule